Mlio wa gobore jikoni

Jumatano

Mimi nami na akili zangu za fundi! Gobore tunalounda karakana kule Mobeni, huku tulikohamia, ni nakala ya lile la zamani la kuwashwa kwa jiwe la cheche, sheria inaruhusu, na nilichobeba nyumbani ni kifaa cha kufyatulia tu, bila mtutu. Springi yake ilikuwa inakwama. Nikaketi jikoni, nikaipaka mafuta, nikavuta nyundo yake nyuma. Ka! Nikajisemea, iko sharp, safi kabisa.

Kugeuka, mke wangu ameshazima taa na kufunga mapazia. Kimya, kama alivyokuwa akifanya Bujumbura wakati wa vita.

"Mama Neema, ni jiwe na chuma tu." Nikafyatua aone. Jiwe likagonga chuma, cheche zikaruka gizani.

Akaangalia weee. "Basi fundi, washia gesi. Kiberiti kimeisha."

Eish, jiko likawaka mara moja! Tukacheka, sombe yetu ya majani ya muhogo ikaiva.

Kesho nakirudisha kifaa karakana, na sileti kingine tena. Taa aliniruhusu niwashe. Lakini nilipogusa pazia, alisema polepole, "Hilo liache, Baba Neema."

Nimeliacha.