Asante Niliyomwandikia Mzee Kariithi

Gatitu, Nyeri
Jumapili mchana

Kwako dada yangu Wakesho,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, ila jino moja la nyuma linanisumbua, na habari ya jino hilo utaikuta mbele. Ninyi je, mmeamkaje huko? Goti la mama limepoa? Na yule ng'ombe wenu mwenye kiburi, bado hakubali kukamuliwa na mtu mwingine ila wewe? Huku ni msimu wa kahawa, mvua ndogondogo inanyesha asubuhi, na mlima sijauona kwa wiki nzima.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema mama husimama kanisani na kutoa ushuhuda kwamba mwanawe amepata kazi Nyeri bila mjomba wala shangazi, kwa bidii yake tu. Na umeniomba nikueleze nilifanyaje, ili Mghanga wa baba mdogo naye afuate njia hiyo, maana amemaliza shule na kazi yake sasa ni kuota jua. Nitakueleza yote. Lakini soma kwanza peke yako, mama akiwa shambani.

Unajua nilivyokuja. Yule rafiki yangu wa shule aliandika kwamba kuna nafasi ya karani, na nilipofika nikakuta nafasi imekwisha pewa shemeji wa mtu. Kurudi sikuweza. Wewe uliacha shule darasa la saba ili karo initoshe mimi. Ningesimama mbele yako niseme nini? Nikakaa. Miezi miwili nilizunguka mji wa Nyeri na cheti changu ndani ya bahasha. Kila mlango una kibao cha kusema hakuna kazi. Karani mmoja alinionyesha kibao kwa kalamu bila hata kuinua macho. Mwingine aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Taita, akauliza kama huko kumeisha kazi au kumeisha watu. Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu mwenye shida hucheka na wenye shibe.

Chumba nilichopanga hapa Gatitu ni cha Mwalimu Ngatia, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache na kofia ya sufu. Jioni moja alinikuta nimeketi mlangoni nimeshika tama. Akaniambia, "Wewe unatafuta kazi vibaya. Ukiomba mtu kazi, anaona wewe ni mzigo. Lakini ukimwomba akueleze kazi yake, anajiona ni mwalimu. Na hakuna mtu hapendi kuwa mwalimu."

Nikamwuliza, sasa nifanyeje?

"Enda umwambie, mzee, sitaki kazi, nataka tu kujua hii kazi yako inafanywa namna gani. Uliza ni nini ngumu sana kwa hiyo kazi, halafu unyamaze. Ukitoka, uliza ni nani mwingine unaweza kuona. Na kesho yake, uandike barua ya asante. Taja kitu moja alikufundisha, ajue ulikuwa unasikia. Watu kumi wakikujua hivyo, siku kazi itatokea, mmoja atakukumbuka."

Dada, ni shauri jema. Mpaka leo sioni kosa ndani yake. Mwambie Mghanga.

Jina la kwanza alinipa mwenyewe: mwanafunzi wake wa zamani mwenye ghala la mahindi kule Kutus. Nilifika asubuhi nimevaa lile shati ulilonishonea, nikamweleza kwa adabu kwamba nimekuja kujua kazi yake. Akanitazama toka juu mpaka chini. "Unataka kujua kazi yangu? Kazi yangu ni hiyo," akasema, akaninyooshea lori lililojaa magunia. Nilishusha magunia mpaka saa kumi, na shati likachanika begani. Nilipomaliza akaniambia, "Sasa umeijua. Ukitaka kujua zaidi, kuja kesho." Nami, bila haya, nikamwuliza kama Mwalimu alivyonifunza: ni nani mwingine naweza kumwona? Alicheka mpaka akakalia gunia. Lakini jina alinipa. "Kuna mzee anaitwa Kariithi, wa kiwanda ya kahawa, huko huko kwenyu Gatitu. Huyo utaongea na yeye mpaka uchoke. Hakuna mtu huwa anamsikiza."

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Mzee Kariithi.

Kiwanda chenyewe ni cha chama cha ushirika, kiko chini ya barabara, kando ya mto. Wakulima huleta buni mbivu, zinamenywa, zinaoshwa, kisha zinaanikwa juu ya meza ndefu za waya. Mzee Kariithi ndiye aliyekuwa mkuu wa meza. Kazi yake ilikuwa kusema ni meza ipi imekauka ifungwe magunia, na ipi bado. Akikosea, kahawa inaoza ndani ya gunia au inapoteza uzito, na wakulima wote wanaumia. Naye haamui kwa mashine. Anachukua punje, anaing'ata. Meno yakizama, bado ni mbichi. Ikipasuka kwa mlio, imepita kiasi. Iliyo sawa inakataa jino kidogo, halafu inakubali.

Nilimkuta na gazeti limekunjwa mfukoni mwa koti, nikasema moyoni, huyu ni mzee msomi. Nilipomwambia nimekuja kujua kazi yake, aliacha meza zake. Kisha akatafuta debe, akalipangusa kwa mkono wa koti, akaniketisha.

"Miaka yote hii," akasema, "hakuna mtu alishaniuliza kazi yangu ni nini. Hata bibi yangu hajui. Anajua tu narudi na njaa."

Alinieleza kila kitu, dada. Alinitembeza meza kwa meza na kunitia punje kinywani kama anavyolishwa mtoto. Nami nikauliza swali langu la kujifunza: mzee, ni nini ngumu sana kwa kazi hii? Akatazama nyuma, akatazama mbele, kisha akafungua kinywa. Hakikuwa na kitu. Juu meno mawili ya pembeni, chini ufizi mtupu.

"Yaliisha," akasema, na akacheka kama mtu anayetua mzigo. "Mimi naweka punje kwa mdomo, natafuna hewa. Yule mama unaona pale, Mama Nyokabi, ndiye anang'ata ya ukweli. Akitema mkono wa kulia, imekauka. Akitema kushoto, bado. Kamati haijui. Wewe ni mtu wa mbali, utaambia nani?"

Mama Nyokabi alikuwa akigeuza kahawa kwa mikono bila kututazama. Ni mmoja wa wanawake wa kuanika, mjane mwenye meno meupe kama ya msichana. Alitema punje kushoto, na Mzee akapaza sauti kwa vijana: "Hiyo meza bado!"

Nilirudi nyumbani nimefurahi kweli. Nilimpenda yule mzee. Usiku ule ule nikaandika barua ya asante, na nikataja kitu kimoja alichonifundisha, kama nilivyoambiwa. Niliandika hivi: "Nakushukuru Mzee Kariithi kwa saa nzima uliyonipa. Umenionyesha kwamba kazi ni kushikana mikono, kwa jinsi Mama Nyokabi anavyokung'atia punje na kukutemea ishara, kulia au kushoto. Sijapata kuona mtu aijuaye kazi yake kama wewe." Nikaituma kwa anwani ya chama.

Wewe tayari umeshaona. Mimi, mwana wa mama asiyejua kusoma, niliyekua nikikusikia ukimsomea barua za watu, sikuona. Lile gazeti mfukoni lilikuwa la kufungia ugoro.

Mzee alipopewa barua hakuifungua. Alikwenda nayo moja kwa moja kwa katibu wa chama, siku ya mkutano wa kamati, akamwomba aisome mbele ya watu wote. Hajawahi kuandikiwa barua na mtu, sembuse barua ya kumshukuru. Haya nimeambiwa na katibu mwenyewe, Bwana Mureithi, akicheka huku akipangusa machozi. Aliisoma kwanza kimya, akafika pale pa meno, akaruka. Akasoma asante ya mwanzo na sifa za mwisho kwa sauti kubwa. Kamati ikapiga makofi. Mzee alisimama akainamisha kichwa, akairudisha barua mfukoni, akaenda zake. Alipotoka, katibu akawaeleza wenzake yale aliyoyaruka, na Jumatatu iliyofuata wakamwambia amefanya kazi ya kutosha, umri umekwenda, apumzike. Sababu hawakumtajia.

Siku ya pili yake nikaitwa ofisini.

"Ni wewe uliandika ile barua?" Bwana Mureithi akaniuliza. "Mwandiko ni mzuri. Na kazi umeshafundishwa. Sasa, wewe uko na meno ngapi?"

Nilidhani ni mzaha. Hakuwa anafanya mzaha.

"Fungua," akasema.

Dada, hapa ndipo ningeweza kuondoka. Nilijaribu kidogo, nikuambie ukweli. Nilisema, mbona hamumpi Mama Nyokabi, yeye ndiye ajuaye? Akanitazama kana kwamba nimependekeza wampe ng'ombe. "Ni mama wa kuanika," akasema. "Hana hata karatasi moja." Nikakukumbuka wewe na darasa lako la saba. Nikafikiri juu ya vile vibao milangoni. Kisha nikafungua mdomo, naye akaninyanyua midomo kwa kidole gumba, juu na chini, kama mnunuzi wa punda mnadani.

Ndivyo mwanawe mama alivyopata kazi kwa bidii yake.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku mgeni nilikuja, mwenyeji akamwaga unga. Siku ya kwanza nilisimama kwenye meza nikang'ata punje, sikujua kama imekubali au imekataa. Nikamgeukia Mama Nyokabi. Bwana Mureithi alikuwa amekwisha mchekesha kila mtu pale kwa ile barua, ila mwenyewe tu aliyeandikiwa. Nikamwuliza kwa upole, mama, hii imekauka?

"Si wewe ulihesabiwa meno?" akasema. "Ng'ata." Akaendelea kugeuza kahawa. Baadaye, alipokuwa akipita na karai, akaongeza, "Shukrani ya punda ni mateke. Lakini hata punda huwa haiandiki."

Basi nang'ata. Kutwa nang'ata, na wiki ya pili jino la nyuma likapasuka. Makosa nimefanya, meza mbili nimezifunga mbichi, lakini kwa kuwa nina cheti hakuna aliyenigombeza.

Sasa sikiliza la juzi. Mzee Kariithi alikuja kiwandani. Nilitaka kujificha nyuma ya magunia, lakini alikuwa amekwisha niona, akaja mikono miwili mbele kunisalimu. Akasema, "Nimefurahi ni wewe walichukua. Kama wangeniuliza, ni wewe ningesema." Halafu akatoa barua yangu, ameifunga ndani ya karatasi ya sukari isichafuke. Akaomba nimsomee, maana nyumbani yeye na mkewe hawajui kusoma.

Nilimsomea hapo hapo kando ya meza, Mama Nyokabi akisikia. Nilifuata maandishi kwa kidole. Nilipofika pale pa meno, nikaruka, nikaenda kwenye sifa. Nikamaliza.

Mzee alisogea karibu nami. Kisha akaweka kidole chake juu ya karatasi, mahali penyewe hasa. "Hapa umeruka," akasema. "Hata Bwana Mureithi aliruka hapa hapa. Hapa kumeandikwa nini?"

Nikamwambia ni salamu za kwetu, kwa lugha ya kwetu.

"Ah," akasema, akafurahi. "Si mbaya. Kijana yangu yule wa Mombasa anakuja Krismasi. Huyo amesoma sana, anajua lugha mingi. Nitampatia asomee watu wote, nimechinja mbuzi."

Nikamwomba aniachie barua nimwandikie nyingine safi, kwa karatasi nzuri zaidi. Akaikunja haraka na kuirudisha mfukoni.

"Hapana," akasema. "Hii ndiyo ilipigiwa makofi."

Mama Nyokabi akatema punje. Sikutazama ni upande gani.

Krismasi haiko mbali. Sijui nitafanya nini, na sitaki kukudanganya kwamba nitaacha kazi. Naona aibu, dada, lakini aibu hiyo naamka nayo asubuhi na kwenda nayo kazini.

Nisalimie Mghanga, umpe shauri la Mwalimu Ngatia kama lilivyo, mengine hapana. Msalimie baba mdogo na mkewe. Msalimie yule jirani aliyenikopesha sanduku la safari, mwambie bado lina kitasa. Msalimie mchungaji, lakini umwombe asimpe mama nafasi ya ushuhuda tena mwaka huu.

Na mama akikuomba umsomee barua hii, msomee habari ya baridi, na ya lile shati, na ya shauri la Mwalimu. Ila usifuate maandishi kwa kidole. Mtu asiyejua kusoma hutazama kidole.

Ni mimi ndugu yako uliyemsomesha,
Mwakio