Kiti cha Nne

Baba Chiriku wangu,

Sasa hivi nimemwona kupitia mlangoni binti yako ameinama sebuleni akaibusu tableti, pale palipoandikwa "Baba", kisha akaifuta mate kwa gauni lake.

Tumeweka ule mchezo wa karata wa kwenye simu. Tableti ya mama yako ndiyo meza, tunailaza katikati ya mkeka, na kila mtu anaziona karata zake kwenye simu yake. Chiriku anashika ile simu yako ya zamani. Niliuweka mwenyewe, usicheke. Mchezo ulipouliza wachezaji wangapi, nikajaza wanne kwa mazoea, kiti cha nne nikakiandika "Baba", na sasa haugawi karata mpaka wanne watimie.

Mama akasema, "Punguza basi, mwanangu, tucheze watatu."

Chiriku akaja juu: "Hapo anakaa baba."

Basi kila jioni tunakitazama kiti chako kitupu kwenye tableti, halafu tunakwenda kula. Namba ya kuingilia nilikutumia wiki iliyopita. Hukujibu, ndiyo maana nakuandikia.

Mwenzako wa kiwandani ameniambia uliachishwa kazi tangu mwezi uliopita. Sikukasirika. Mtu akikosa kazi hajakosa kwao. Kama unaona haya kuongea, usiongee. Ingia tu mezani ucheze, karata hazimuulizi mtu kitu. Halafu siku moja urudi tu, hata mikono mitupu, maana mimi

Ngoja, mama ananiita kutoka sebuleni. Anasema, "Mama Chiriku, njoo uchukue simu yako, meza inagawa karata," na Chiriku anacheka peke yake, kwa hiyo acha nika