Mraba wa Boma Umeenda Wapi?

Mpendwa binti yangu Jebet,

Nakusalimu sana. Baba yako anakusalimu, ingawa leo hatuongei. Kogo, nyanya yako, anakusalimu na anauliza kama huko Nairobi unavaa sweta. Ndugu yako Kibet anakusalimu, na mtoto wake ameota jino. Mimi mwili uko sawa, lakini nimekasirika, na ni wewe umenikasirisha.

Unakumbuka Disemba vile tulifunga kamba za katani kwa shamba, wewe mbele mimi nyuma, mpaka tukapata miraba arobaini na nane? Kila mraba ulichota udongo, mimi nikashika mfuko. Tulipofika pale boma ya zamani ya ng'ombe ilikuwa, mraba mmoja tu, ulinusa udongo ukacheka. Ukasema, "Mama, hii imejaa samadi, haihitaji kupimwa." Nilifurahi siku hiyo.

Sasa umemtumia baba yako picha ya vipimo, ramani ya shamba yenye rangi. Ati nyekundu ni udongo wenye asidi, iwekwe chokaa, kijani iachwe. Picha inapendeza kama kitambaa cha meza. Lakini nimejaribu kuhesabu miraba, haihesabiki. Rangi zimeingiliana. Ile kijani ya boma haipo, nyekundu ya miraba jirani imeimeza.

Nikamwambia baba yako asiguse pale. Alinijibu, "Wewe na kompyuta, nani amesoma?" Akachukua ndoo ya chokaa akaenda. Jebet, hilo neno limenichoma, na limetoka kwa kazi yako. Ng'ombe wa boma hiyo ndio walikusomesha.

Asubuhi nimebeba hiyo picha kwa simu nikaenda mjini Turbo kwa Naomi wa saiba, yule wa duka la kompyuta. Ameivuta kwa skrini kubwa akaniambia ulipoitoa kwa kompyuta uliacha ilainishwe ndio ipendeze, kwa hivyo kila mraba ukachanganywa na jirani yake. Halafu ukaituma kama picha ya kawaida, simu ikaifinya tena. Nikamuuliza, kwani alikuwa anatengeneza kadi ya harusi? Naomi akacheka. Mimi sikucheka.

Sitaki urembo. Itoe upya. Kila mraba ukae na rangi yake moja, ukingo umenyooka, nukta zake kwa skrini ziwe idadi sawa na za mwenzake, na kompyuta isilainishe chochote. Usiitume kama picha, itume kama faili. Naomi amesema iwe PNG. Sijui ni nini, lakini nimeandika kwa mkono nisisahau.

Najua unachoka huko, mama, na najua ulitaka tufurahi. Lakini baba yako amemaliza mstari wa tatu na boma iko wa tano. Nimekalia magunia ya chokaa yaliyobaki, nimeyakalia kweli, ndipo naandikia. Mawingu yanakuja kutoka upande wa Moi's Bridge. Kibet ataipiga picha hii barua akutumie sasa hivi.

Jibu leo. Na utume kwa simu ya baba yako, sio yangu, ahesabu mwenyewe.

Ni mimi mama yako, bado niko juu ya magunia.