Salamu ya Fundi Lutengano

Mjukuu wangu Neema,

Kamwene. Huku Ilomba hatujambo, babu yako anapalilia mahindi na kikohozi chake kilekile. Umeuliza kwa nini sikuandikii lolote kwenye simu mpaka uitikie salamu.

Nikiwa msichana nilifanya kazi katika ofisi moja Iringa. Fundi Lutengano ndiye aliyeunganisha kompyuta yetu na yake ya Mbeya, barua zikawa zinapita kwenye waya wa simu. Yeye Mnyakyusa, lakini alitusalimu kwa Kihehe, "Kamwene," kisha akangoja. Asipoitikiwa, haendelei.

Ijumaa moja salamu yake ikaingia tukiwa na kazi nyingi. Nikasema, "Tutamwitikia kesho." Jioni mvua ikakata laini. Jumapili tukaletewa habari kwamba Lutengano amefariki.

Jumatatu laini ikarudi. Kwa aibu tu nikaandika, "Kamwene." Papo hapo ikaingia barua yake: "Mbona mmechelewa kuitika?"

Wenzangu walisema aliiandika Jumamosi, ikakwama njiani. Hata mimi husema hivyo, kukiwa mchana.

Haya, mama, niitikie. Nangoja.

Bibi yako