CD zetu kwenye shamba la mtama

Kemi, uko hapo? Nimefika nyumbani Kituntu, sijui nianzie wapi.

Lile boksi la CD zetu za sekondari, ambalo kaka Byarugaba aliniahidi kulitunza mpaka nihitimu. Amezitundika kwenye kamba shambani, zifukuze ndege kwenye mtama.

Zote, Kemi.

Nikamwambia, "Kaka, uliniahidi." Akacheka. "Msomi, siku hizi nani ana deki? Watu wanasikiliza kwenye simu. Hapa angalau zina kazi."

Eti angalau zina kazi.

Hata ile tuliyorekodi wenyewe studioni kwa Anwar, mimi na wewe, nakala moja tu duniani. Mvua imeibambua, lakini majina yetu bado yanasomeka.

Pembeni yake ametua ndege, anadonoa mtama taratibu. Sisi na CD yetu, hata kumtisha hatukuweza.