Gari Lililokupita Isongole

Baba yangu, Tata,

Jana alikuja mwalimu mmoja kulitazama gari. Ndiyo, naliuza. Alilizunguka mara mbili, akayapiga matairi teke, akafungua mlango na kuufunga ili ausikie mlio wake, kisha akaniuliza huku macho yanamng'aa: "Lina mbio? Linaweza kuyapita mengine mlimani?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena: "Na kasoro yake ni nini?" Nikamwambia arudi Jumamosi. Mke wangu Atupele alikuwa uani anafua, akasikia yote. Aliendelea kukamua shuka lile lile moja mpaka nikadhani atalichana.

Ndiyo sababu nakuandikia. Najua hukujifunza kusoma, na hata ungejifunza, huko uliko barua hazifiki. Lakini jambo hili nimeshindwa kumwambia mtu. Siku moja nilikwenda kwa mchungaji niliungame, nikajikuta naungama pombe. Na pombe yenyewe sinywi sana, wewe unajua.

Unaikumbuka safari yetu ya Iringa? Ulivaa koti lako la kanisani na viatu nilivyokununulia, mimi nilivaa tai na kichwa kilichovimba. Kahawa ilikuwa imekubali mwaka ule, na wewe ulikuwa umeuza ng'ombe wako ili tupate motokaa. "Ya nyumba yetu," ulisema. Hukusema ya kwako, wala ya kwangu. Basi lilitutikisa kutwa nzima, na tulipofika Makambako vumbi lilikuwa limetupaka hata nywele zangu zikawa nyeupe kama zako. Ukanitazama ukacheka: "Sasa tumekuwa rika moja." Nilicheka nami. Nakumbuka nilicheka.

Njiani tulibishana kama tununue jipya au lililokwisha tumika. Mimi nilitaka jipya, lenye harufu ya dukani. Niliyaona Mbeya, nikaenda kuyatazama kila nilipotoka kazini pale ghala la kahawa, mpaka mwenye duka akaanza kunisalimu kwa jina. Wewe ulikataa. Ulisema mtamba humjui maziwa yake, lakini ng'ombe aliyekwisha zaa, unamwona na ndama wake. Nilikuona mshamba. Leo nimekwisha miliki gari, nakwambia hakuna fundi aliyewahi kunipa shauri lenye akili kuliko lile.

Basi, tukapanda kutoka Ipogolo kuingia mjini, tukaenda kwa Mzee Salum. Babu zake walitoka pwani, lakini yeye kazaliwa Iringa, na Kihehe anakijua kuliko Wahehe wengine. Alikuwa na magari mawili ya kuuza. Moja la mzungu wa tumbaku aliyerudi kwao: milango minne, kijani iliyokoza, chini chini, pua ndefu, viti vya ngozi, na mngurumo uliosikika ng'ambo ya pili ya soko. La pili, Mungu anisamehe, nililionea haya hata kulisogelea. Lilikuwa refu kwenda juu kama kibanda, limejengwa mbao, na nyuma kulikuwa na chumba peke yake chenye mlango wake na paa lake, kimetengwa na kiti cha dereva kwa ubao.

Uliyakagua yote mawili kama unavyokagua ng'ombe mnadani. Uliinama ukachungulia chini. Ukabonyeza viti. Ukamwuliza Mzee Salum, mimi nikitafsiri, kwa nini mwenyewe ameliuza, maana ng'ombe mwema hauzwi bila kisa. Halafu ukaingia lile la kijani, ukakaa kiti cha nyuma, ukagusa paa kwa kiganja. Ukatoka. Ukaniuliza kwa lugha yetu, taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Na mkwe wangu atakaa wapi?"

Kwetu hakuna asiyejua maana ya swali hilo, lakini pengine barua hii itasomwa na wengine. Kwetu mke wa mtoto hauoni uso wa baba mkwe wake. Hawakai chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mwanamke huacha njia akaingia majanini, akajifunika shuka hadi mzee apite. Si uadui, ni heshima yenyewe. Kanisani walikuwa wamekwisha kuilegeza mila hiyo, na wewe ulibatizwa kabla yangu, lakini hili hukuliacha, na Atupele naye hakuliacha. Miaka mitatu ya ndoa yetu mliheshimiana kwa namna hiyo. Ulimtumia maziwa, akakutumia ndizi, na hadi siku ile hamkuwa mmetazamana.

Kwa hiyo swali lako lilikuwa swali la mnunuzi hodari kuliko wote waliopata kuingia pale. Gari ni la nyumba, nyumba ina watu wawili wasiokaa paa moja, na gari hili lina paa moja. Lile la mbao lilikuwa na mawili. Uliliona mara moja.

Mzee Salum akaniuliza, "Mzee anasemaje?"

Tata, nilimwambia, "Anasema rangi imempendeza."

Mzee Salum akakutazama, akanitazama mimi. "Maneno yote yale, rangi tu?"

"Rangi tu."

"Haya," akasema. "Kijana, gari si kanzu ya Idi. Mnunulie mzee gari lake." Nami nikajifanya sikusikia.

Nilikuonea haya mbele ya mtu yule. Hilo ndilo la kwanza. Niliogopa atatucheka, watu wa milimani wenye mila zao, ilhali mwenyewe alikuwa ananiambia nisikucheke. Nikakuvuta pembeni nikakwambia lile la mbao injini imechoka. Uongo, maana sikuifungua hata boneti. Ukasema, "Umelipenda hili." Nikasema ndiyo. "Basi. Likinichukua mimi, yeye abaki. Likimchukua yeye, mimi nibaki." Ukaingia ukakaa mbele pamoja nami hadi nyumbani, safari nzima ukisifu mwendo wake, na kila tulipolipita lori ulipiga goti lako kwa kiganja. Hiyo ndiyo mara pekee uliyopanda gari la ng'ombe wako.

Sasa nifike ninapokwepa kufika.

Ilikuwa masika ya mwaka wa pili tangu tulinunue gari. Tulikuja nyumbani kubatiza mtoto wetu, na wewe ulikuwa na miadi na daktari wa macho Mbeya siku mbili baada ya ubatizo. Shauri lilikuwa nimpeleke Atupele na mtoto kwanza, kisha nirudi kukuchukua. Asubuhi nikaamka na ghadhabu zangu. Mvua ilikuwa imeigeuza barabara kuwa tope, nami sikutaka kuipanda na kuishuka mara mbili gari likachafuka. Nikakwambia mbele ya ndugu wote kwamba safari ni moja tu, tutapanda sote. Ukasema, kwa upole, "Mwanangu, unajua siwezi."

"Mila za kizamani hizo! Si umebatizwa?"

"Nimebatizwa. Lakini sijabatizwa niwe mtu asiye na haya."

Wakacheka. Kucheka kwao ndiko kulikoniponza, maana ulinishinda kwa maneno machache na mimi ndiye msomi. Nikakwambia, "Basi, tembea."

Jamani. Mtoto anamwambia baba yake "Basi, tembea," na mbingu hazianguki. Ng'ombe wale wangekuwa zizini, ungempanda hata mmojawapo.

Ulichukua mwavuli na fimbo yako ukaondoka, ili upate lori huko mbele. Sisi tulikunywa chai, tukaaga watu, tukaondoka baadaye kidogo. Tulipolivuka daraja la Kiwira na kuanza kupanda Isongole, nilikuona. Mvua ilikuwa inamwagika. Ulikuwa peku, umekunja suruali hadi magotini, viatu nilivyokununulia umevitia ndani ya koti visilowe. Mwavuli ulikuwa umepinduka. Uliusikia mngurumo ukalijua gari lako. Ukasogea kando, ukaupa uso wako ukingo wa mlima, ukatupa mgongo, ili mkwe wako apite kwa amani.

Atupele alikuwa kiti cha nyuma na mtoto. Alikuona wakati ule ule nilipokuona mimi. Akajifunika shuka, akajikunja chini sakafuni na mtoto kifuani, na humo ndani ya shuka nikamsikia: "Simama. Mimi nishuke nikae majanini. Mpandishe Baba umfikishe juu penye maduka, halafu uturudie sisi."

Ona. Binti wa watu, mwenye kichanga, kwenye mvua ile, alikuwa amekwisha lipata jibu la swali lako la Iringa. Lilikuwepo siku zote. Lilihitaji dereva tu.

Nilikanyaga mafuta.

Nimejiambia mengi tangu siku ile. Kwamba nilimwonea huruma mtoto. Kwamba ningesimama kwenye utelezi ule nisingeweza kuondoka tena. Hayo nimeyasema sana hata nikakaribia kuyaamini. Kweli ni kwamba sikutaka kushindwa mara mbili asubuhi moja. Gari likaruka, tope likakurukia mgongoni, na kwenye kioo nikakuona ukigeuka polepole kututazama. Nikaona koti lako lilivyobadilika rangi. Atupele hakunyanyuka pale sakafuni hadi tulipofika Uyole.

Ulifika Mbeya kesho yake, juu ya magunia ya lori la mtu. Nilikukuta hospitali, kwenye benchi, koti limefuliwa na kukauka vibaya. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka unitukane, ningejua pa kuanzia. Wewe ukanisalimu, ukauliza mtoto amelalaje, ukanisogeza karibu ukaniambia maneno ambayo nayajua kwa moyo:

"Msalimu sana mkwe wangu. Mwambie ndaga, nashukuru. Jana mlipopita niligeuka, nikaona kichwa kimoja tu ndani ya gari. Nikajua amejiinamisha kwa ajili yangu. Kweli amelelewa yule."

Kisha ukayapapasa macho yako yale mabovu, ukaongeza: "Wewe hukuniona. Mvua ilikuwa kubwa."

Nami nikajibu, "Ndiyo, Tata. Sikukuona."

Ukaitikia kwa kichwa. "Nilijua. Niliwaambia hata wenzangu kwenye lori: yule ni mwanangu, ana haraka, hakuniona."

Nilikuwa nimekaa ghalani siku nyingi baadaye, nahesabu magunia ya kahawa, ndipo maneno yako yakanigeukia. Kichwa kimoja tu. Tata, mwanamke hajifuniki kwa ajili ya mtu asiyeonekana. Kama yeye alikuona wakati umempa mgongo, mvua ile ile, kioo kile kile, basi nami nilikuona, na wewe ulilijua hilo pale pale barabarani ukiwa na tope mgongoni. Ulimsifu yeye kwa sababu alikuona. Mimi ukanifungulia mlango nitoke, na nikatoka mbio, bila hata kugeuka.

Ungali hai nilikuwa na muda wa kurudi kusema. Nilikuja nyumbani mara ngapi! Tukakaa, tukala ndizi, tukasema habari za mibuni. Kila mara ulinisindikiza hadi kwenye gari, ukalipigapiga bega kama ng'ombe, wala hukupanda. Nikikukaribisha ulisema, "Siku nyingine, mwanangu." Halafu ukafariki, na hata jeneza lako halikuingia ndani ya gari lile. Tuliazima gari la kubebea mizigo, lenye nyuma wazi. Atupele alitembea kwa miguu nyuma yake njia nzima, kajifunika, ametazama chini, hata pale ambapo wazee walimwambia sasa inatosha.

Nataka gari jingine. Mbeya yapo mapya na yaliyotumika, na rafiki zangu kila mmoja ana shauri lake: hili lina nguvu, hili halili mafuta. Juzi nilimwuliza Atupele anataka la namna gani. Akasema, "Linaloweza kusimama."

Jumamosi mwalimu atarudi, na nitamwambia. Gari ni zima, breki ni nzima, mlimani linayapita yote. Kasoro alikuwa nayo mwenye gari. Lakini kabla ya kumwambia mgeni, nilipaswa kukwambia wewe. Lala salama, Tata. Ndaga kwa ng'ombe. Ndaga kwa mlango ulionifungulia, leo nimerudi kuufunga.

Mvua haikuwa kubwa. Nilikuona.

Mimi mwanao,
uliyemtetea kwenye lori