Nilimshika wa Kwetu

Gasenyi, Bujumbura
6 Mei 2024

Mpendwa kaka Khaled,

Assalaam alaykum. Natumaini uko mzima huko Lubumbashi na gereji inaenda. Wifi Raihana mgongo umepoa? Mama hajambo. Sukari imeshuka, ila chai isiyo na sukari ameigomea; anasema hayo ni maji ya kuoshea vikombe.

Barua hii nimempa Mawazo, anayekuja huko na vitenge vyake. Ningekupigia simu, lakini mwanao Anouar habanduki karibu yangu, na haya sitaki ayasikie.

Alikuambia jicho lake lilipigwa na mpira. Si mpira, kaka. Ni ngumi, na aliipata darasani mwangu, mbele yangu.

Unajua madarasa yetu yalivyojaa. Dawati la watoto watatu wanabanana watano. Nilikuwa naandika ubaoni, Anouar na mwenzake Bonfils wakagombea nafasi ya dirishani, na nilipogeuka walikuwa wameshakamatana mashati. Nikakimbia kuwaamua.

Sasa umshike nani? Mtoto wa watu ukimgusa, kesho mzazi wake yuko mlangoni. Tena sikutaka ionekane nampendelea wa nyumbani. Basi nilimshika wa kwetu. Nilimkamata mikono yote miwili kwa nyuma, na Bonfils akampiga ngumi ya jicho hali mikono ya mwanao ninayo mimi.

Mwalimu Jovithe, aliyeanza kufundisha sisi tukiwa bado wanafunzi, ameniambia yeye huwa hamshiki mtu. Huwakemea wote wawili kwa majina, huwatoa nje wale wengine, kwa sababu wakikosa watazamaji hupoa, halafu humwita mwalimu wa darasa la jirani. Maneno mazuri, yamechelewa tu. Wala usinipe pole, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Bonfils alikuja na baba yake kuomba radhi, na mkuu wa shule akayamaliza. Yangu mimi hayajaisha. Daktari atafungua bendeji Ijumaa, ndipo tutajua kama jicho linaona. Usingizi sina. Darasani dawati likigongwa tu, moyo unaruka. Naogopa, kaka. Naogopa jicho, na naogopa utasema nimrudishe kwako. Nawe ukisema hivyo sitakuwa na neno.

Tulipotoka hospitali siku ile nilingoja mtoto anilaumu. Tulipokaribia nyumbani akaniambia polepole:

"Shangazi, Baba akiuliza tumuambiye ni mpira. Asijue ni weye ulinikamata."

Nikakubali, kwa woga wangu. Ukapiga simu usiku huohuo, naye akakusimulia huo mpira hadi ukacheka. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, nimeshika kikombe, nasikiliza. Tangu hapo nimeshindwa kumtazama usoni. Si haki mtoto abebe jicho lake na aibu yangu pamoja.

Ukimpigia, mwambie unajua, na usimgombeze kwa uongo ule. Mimi nigombeze utakavyo.

Msalimie sana wifi Raihana, na binti yetu Hayat. Mwambie bibi yake anamshonea gauni. Mama anakusalimu na kukuombea. Mungu awatunze nyote, na alitunze jicho lile ambalo mikono yangu ililizuia lisijikinge.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Amira